Alama ya Kumi na Tatu

Mliokuwa nami juma lililopita mnajua nilivyowaacha: mjukuu wangu amejifungia chumbani, barua ya chuo iko mezani, na mimi nimesimama nje ya mlango nikiwa na sahani ya chakula inayopoa.

Kwa aliyefika leo, nitasema kwa ufupi.

Mimi ni dobi. Nimefua mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja. Mjukuu wangu nimemlea tangu ana miaka mitatu, nikamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Aliandika tasnifu yake ya chuo kikuu juu yetu sisi madobi: jinsi tulivyokuwa tukitia alama za uzi kwenye pembe za mashuka ili kila shuka lirudi wodi yake. Wino ulikuwa unatoka na dawa. Uzi haukutoka. Tena enzi hizo wengi wetu hatukujua kusoma.

Msimamizi wake pale chuoni alizipenda sana zile alama. Alizipenda mpaka akazichukua. Alimwomba Chiriku madaftari "ayapitie". Akachukua na kinasa sauti, maana ni mali ya idara. Baada ya miezi minne ikatoka makala ndefu kwenye jarida, yenye jina lake, na makala ikapewa tuzo. Chiriku alipowasilisha tasnifu yake, mashine ya chuo ya kulinganisha maandishi ikasema kurasa zake zinafanana na makala ya mwalimu wake.

Basi aliyeibiwa akaitwa mwizi.

Na alipokwenda kumlilia ofisini, yule bwana alimjibu maneno haya, nayaandika kama yalivyotoka: "Kubali kosa, binti. Nani ataamini kwamba mjukuu wa dobi aliandika sentensi kama hizi?"

Nimesamehe mengi katika maisha yangu. Hilo nililiweka kando.

*

Chiriku alifungua mlango saa nne asubuhi. Macho yalikuwa yamevimba, lakini kitanda alikuwa amekitandika na shuka amelinyoosha. Nikapata moyo. Mtu aliyekata tamaa hanyooshi shuka.

"Bibi, kikao ni Alhamisi."

"Wataamua siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo. Wakiniona nina hatia, nafukuzwa. Miaka minne yote basi. Na hakuna chuo kingine kitakachonipokea na barua ya wizi mkononi."

"Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Mwizi mwenyewe."

Akacheka, kicheko kikavu. "Yeye atakaa upande wa walalamikaji, Bibi. Yeye ndiye aliyeibiwa."

Nikamwambia ale kwanza. Akala, kidogo. Kisha nikamwambia anisomee hiyo makala, neno kwa neno, mwanzo mpaka mwisho.

"Ya nini, Bibi? Utaumia bure."

"Nisomee. Nataka kujua adui yangu anavyoongea."

Nikachukua gauni lake la kuvaa kikaoni, nikaanza kushikiza kifungo kilicholegea. Akasoma.

Maneno yangu yote yalikuwa mle, yamevishwa suti. Msalaba mwekundu, wodi ya wazazi. Mistari mitatu, chumba cha upasuaji. Fundo jeusi, shuka la aliyefariki, lisije likatandikiwa mama mwenye mtoto mchanga. Hata utani wangu kwamba shuka la wodi ya wanaume husimama lenyewe kabla ya kuanikwa, nao aliuchukua. Aliuita "ucheshi wa tabaka la chini".

"Alama ya kumi na tatu," Chiriku akasoma, na sauti ikashuka, "ndiyo inayogusa moyo kuliko zote. Ni fundo dogo la uzi wa buluu kwenye pembe ya foronya. Lilimaanisha kwamba mgonjwa huyu hana mtu wa kumtembelea, na kila mfanyakazi aliyeliona alijua ni wajibu wake kumsalimu kwa jina. Mwandishi aliziona foronya hizo kwa macho yake miaka tisa iliyopita, na kuzishika."

Sindano ikanichoma kidole.

"Soma tena hapo mwisho."

"Mwandishi aliziona foronya hizo kwa macho yake."

"Akazishika?"

"Ndivyo anavyosema."

Nikanyonya damu kidoleni. Chiriku akadhani nimeumia, akaniletea pamba na kunifunga kidole taratibu kama mimi ndiye mtoto. Nilimwacha afunge. Lakini sikuwa nimeumia, ndugu wasomaji. Nilikuwa nimefurahi. Tena furaha mbaya, ile ya mtu aliyeona nyoka ameingia mwenyewe kwenye chupa.

Kwa sababu alama ya kumi na tatu haikuwahi kuwapo.

*

Zilikuwa kumi na mbili. Hili nilikuwa sijamwambia mtu, nawaambia ninyi.

Mwaka jana Chiriku alikaa mbele yangu na kinasa sauti chake, akaniuliza: "Bibi, na wale wagonjwa wasio na mtu? Wao mliwafanyia nini?"

Nikamkumbuka mzee mmoja wa kitanda cha dirishani. Wiki sita nilifua mashuka yake. Hakuja ndugu, hakuja rafiki. Kila asubuhi nilipita na toroli mbele ya kitanda chake, na kila asubuhi aliinua mkono kidogo juu ya blanketi. Nami nilipita. Nilikuwa na haraka, mashine zilikuwa zinangoja. Siku moja shuka lake likanifikia na fundo jeusi, nikagundua kwamba sijui hata jina lake.

Sasa ningemwambia nini mtoto anayeniangalia kana kwamba mimi ni mtu mwema?

Nikasema, "Nao walikuwa na alama yao." Nikaibuni pale pale. Fundo la buluu, kwa sababu siku hiyo Chiriku alivaa blauzi ya buluu. Hatukufanya vile. Ndivyo tulivyopaswa kufanya.

Kwa hiyo mtu anayesema alizishika foronya zile miaka tisa iliyopita, alishika hewa. Fundo la buluu lilizaliwa sebuleni kwangu mwaka jana, na waliokuwapo ni mimi, mjukuu wangu na kile kinasa sauti.

Ningeweza kumwambia Chiriku palepale. Sikumwambia. Sababu moja ni aibu, sikatai. Nyingine ni kwamba namjua: angekimbilia chuoni siku hiyo hiyo kusahihisha, na yule bwana naye angepata muda wa kusahihisha makala yake.

Mimi sikutaka apate muda. Sikutaka tu agundulike. Nilitaka aape kwanza, kwa mdomo wake, mbele ya wenzake wenye tai, halafu nimfumue uzi mmoja mmoja.

*

Nilihitaji shahidi. Nikaenda kwa Mama Pasi.

Mama Pasi alinyoosha mashuka niliyofua kwa miaka ishirini na sita. Ni mkubwa kwangu kwa miaka minne na hanisahaulishi hilo. Nilimkuta anapiga pasi sare za shule za majirani.

"Dada, alama zetu zilikuwa ngapi?"

"Kumi na mbili. Umeshaanza kusahau? Mkubwa ni mimi, ningeanza mimi."

"Utakuja kulisema hilo Alhamisi?"

"Nilisemee wapi?"

"Chuo kikuu. Mbele ya maprofesa."

"Watanipa kiti?"

"Watakupa."

"Chenye mgongo?"

"Dada!"

"Nauliza tu. Kiuno ni changu, si cha maprofesa."

Nikamweleza yote, na jinsi nilivyopanga kumnasa yule bwana. Nikadhani atacheka. Hakucheka. Akaisimamisha pasi kwa kisigino.

"Mtoto anajua?"

"Asijue mpaka siku yenyewe."

"Basi nisikilize kidogo, kuna jambo..."

"Sitaki ushauri. Nataka shahidi."

"Wanaojifunza pasi wana kosa moja," akasema. "Wakikasirika wanakandamiza. Nguo inanyooka kweli, lakini inaungua."

"Na iungue."

"Haya," akasema. "Nitakuja."

*

Alhamisi. Askari wa getini alituona wazee wawili na binti mmoja tumesimama juani, akatoka kibandani mwake na kutupa stuli yake tukae kwa zamu mpaka tuitwe. Mungu amlipe.

Mama Pasi akabaki kwenye benchi la korido. Lilikuwa na mgongo. Mimi na Chiriku tukaingia.

Chumba kirefu, meza ndefu, feni inayozunguka polepole. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi na sauti ya chini. Pembeni yake katibu na karatasi zake, na wajumbe wawili. Upande wa pili, Msimamizi.

Nilitarajia kuona jitu. Nikaona mwanamume nadhifu, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alinyanyuka akanivutia kiti. "Karibu, mama. Pole na safari."

Ule ulikuwa wema, nami wema nauhesabu popote ulipo. Niliuhesabu. Haukunipunguzia kitu.

Wakaanza. Chiriku akaeleza. Mwenyekiti akamwuliza madaftari yako wapi.

"Anayo yeye, Mwenyekiti."

"Nilimrudishia," Msimamizi akasema kwa upole. "Pengine aliyapoteza. Vijana."

"Hukunirudishia!"

"Binti, usipandishe sauti. Najua unaogopa."

"Na rekodi za kinasa sauti?" Mwenyekiti akauliza.

"Kifaa cha idara hufutwa kila mwaka," akasema. "Ndio utaratibu."

Wajumbe wakaandika. Nilimwona mmoja akitazama saa. Neno la mwanafunzi kwa neno la mwalimu, mnajua mizani hiyo inavyolala. Chini ya meza, mkono wa Chiriku ulikuwa baridi kama shuka lililotoka kusuuzwa.

Nikainua mkono. "Mwenyekiti, mimi ndiye bibi yake. Tena ndiye dobi anayesemwa mle ndani. Naomba kumwuliza mwalimu mambo mawili matatu. Sina elimu, nataka tu kuelewa."

Mwenyekiti akamtazama Msimamizi.

"Aulize," yule bwana akasema, akatabasamu. "Mimi ni kama mwanawe."

Mungu apishe mbali, nikasema moyoni. Kwa mdomo nikasema, "Asante, baba. Hizi alama ulizipata wapi?"

"Kwa madobi wenyewe, mama. Miaka tisa iliyopita. Masikini, wengi wao wameshatangulia mbele ya haki."

"Na hii ya kumi na tatu, ya fundo la buluu, uliiona kweli?"

"Kwa macho yangu."

"Au pengine ulisimuliwa? Maana mtu husimuliwa jambo, likakaa naye, akadhani ameliona." Nilimfungulia mlango wa kutokea, tena nikaushikilia, asije akasema baadaye sikumfungulia.

Akacheka kidogo, akawageukia wajumbe. "Mama, mtafiti haandiki aliyosimuliwa tu. Nilizishika kwa mikono hii."

"Zilikuwa nyingi?"

"Rafu nzima."

"Fundo lilikuwa pembe gani?"

Akasita, kidogo sana. "Ya kushoto. Juu."

"Katibu ameandika?"

"Nimeandika, mama," katibu akasema.

"Ameandika kwamba ameziona, amezishika, zilikuwa rafu nzima, na fundo lilikuwa juu kushoto?"

"Yote."

Nikasimama.

"Basi aandike na hili. Foronya hizo hazikuwapo. Miaka thelathini na mmoja sikutia fundo la buluu hata moja, wala dobi mwenzangu hakutia. Alama zilikuwa kumi na mbili. Ya kumi na tatu niliibuni mimi, nikamwambia mjukuu wangu huyu, sebuleni kwangu, mwaka jana. Nilimdanganya, nami namwomba radhi mbele yenu. Lakini mwalimu aeleze amewezaje kushika rafu nzima ya uongo wangu miaka minane kabla sijausema."

Mjumbe aliyekuwa anatazama saa akaacha kuitazama. Mwenyekiti akavua miwani. Na Msimamizi, nilimwona kwa macho yangu, akafungua mdomo na hakikutoka kitu. Nikameza ile ladha. Sitawadanganya, ilikuwa tamu.

"Una anayeweza kuthibitisha kwamba zilikuwa kumi na mbili?" Mwenyekiti akauliza.

"Yupo nje kwenye benchi. Mpiga pasi wetu."

"Katibu, mwite."

"Samahani, Mwenyekiti." Msimamizi alikuwa amepata sauti yake. Alikuwa ameshika nakala ya tasnifu ya Chiriku na kufunua ukurasa, hana haraka tena. "Kabla hajaitwa. Ukurasa wa sitini na moja. Kanuni ya idara yetu ni kwamba kila anachosema mhojiwa lazima kithibitishwe na mhojiwa wa pili. Binti huyu aliifuata kanuni. Chini ya alama ya kumi na tatu ameandika: imethibitishwa na mhojiwa wa pili, mpiga pasi mstaafu."

Akaiweka tasnifu mbele ya Mwenyekiti.

"Kama huyo mpiga pasi ataingia hapa na kusema zilikuwa kumi na mbili, basi mwanafunzi huyu alibuni ushahidi kwa maandishi yake. Adhabu yake ni ile ile ya wizi: kufukuzwa. Na kama atasema kumi na tatu, basi bibi amedanganya kikao, sasa hivi. Mwiteni. Mimi sina neno."

Nikageuka kumtazama Chiriku. Nilingoja akatae. Nilingoja aseme ni kosa la chapa.

Alikuwa anatazama meza.

"Binti," Mwenyekiti akasema polepole, "nani alithibitisha?"

Chiriku wangu, ambaye mdomo wake haupumziki, hakujibu.

"Tunapumzika dakika kumi," Mwenyekiti akasema. "Tukirudi nitauliza tena. Nitataka jibu lako, na la bibi yako: kama anasimama na maneno yake au anayaondoa."

*

Koridoni, Chiriku aliketi chini kabisa, mgongo ukutani, kati ya miguu yetu wazee wawili.

"Nilijua, Bibi," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba uliibuni. Nilimwuliza Mama Pasi siku mbili baadaye, ili athibitishe. Alicheka. Akasema, bibi yako anatunga."

"Na bado ukaandika?"

"Ningefanyaje? Nije nikwambie, Bibi, wewe ni mwongo? Wewe ulikuwa unalia uliponisimulia. Nikasema, ni mstari mmoja tu, nani atausoma. Na ilikuwa nzuri, Bibi. Ilikuwa nzuri kuliko zote."

Nikamgeukia Mama Pasi. Nilitaka mtu wa kumrushia lawama.

"Na wewe ulijua, ukanyamaza!"

"Mtoto aliniomba nisikuambie, usije ukaona haya," akasema. "Nilipotaka kukuambia ulinikatisha. Ulinijia na kisasi, mdogo wangu. Hukunijia na swali."

Mimi nilidanganya kwa kumpenda, yeye akadanganya kwa kunipenda, na mwizi akatushika sote wawili kwa kamba hiyo hiyo. Nikaenda dirishani kuvuta pumzi.

Msimamizi akanifuata. Alikuwa na maji kwenye kikombe cha karatasi.

"Kunywa, mama."

Nilikuwa na kiu. Nikanywa. Maji yalikuwa baridi, na nilimchukia kwa kila funda.

"Wewe ni mwanamke mwenye akili," akasema kwa sauti ya chini. "Umenipata. Nakubali, hapa tulipo wawili. Lakini tuzungumze kama watu wazima. Ukirudi mle ndani sema umechanganyikiwa, umri, presha, chochote. Ondoa maneno yako. Mimi nami nitasema nimemsamehe mwanafunzi wangu, naondoa malalamiko. Binti anapata shahada yake mwezi ujao. Makala inabaki ilipo."

"Na nisipoondoa?"

"Tunaanguka wote. Mimi nina nyumba, nina marafiki, nina pa kuangukia." Akatazama koridoni, pale Chiriku alipoketi. "Yeye ana wewe tu."

"Madaftari yake unayo?"

"Mama, hayo yameshapita."

"Nimekuuliza unayo?"

Akatabasamu, akachukua kile kikombe mkononi mwangu, akakikunja na kukitia kwenye pipa la taka kwa heshima zote. "Dakika tatu," akasema.

Ndugu wasomaji, nimefua damu za watu, nimefua matapishi, sijawahi kushika kitu kichafu kama dakika zile tatu. Kwa siku tano nilikuwa nimelala na kuamka na picha moja: yule mtu anatoka mlangoni na kabrasha kwapani, wenzake wanampisha bila salamu. Nilikuwa nimebakiza neno moja nilipate. Na bei ya neno hilo ilikuwa imekaa sakafuni, imevaa gauni nililolishikiza kifungo kwa mkono wangu.

Kengele ya katibu ikalia.

Nikampa Chiriku mkono, nikamwinua. Sikumwambia alichosema Msimamizi. Tulipokuwa tunaingia nikamnong'oneza, "Wewe usijibu kitu. Niachie mimi."

"Unataka kufanya nini, Bibi?"

"Niachie."

Tukakaa. Msimamizi alikuwa ameshakaa, mikono ameiweka juu ya meza, ametulia kama mtu anayesubiri chai. Aliniinamishia kichwa kidogo. Nami, Mungu anisamehe, nikamwinamishia changu. Kisasi nilikuwa nimeshakimeza. Kilishuka kama mfupa, lakini kilishuka.

"Mama," Mwenyekiti akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, sitamsahau kwa hilo. "Unasimama na maneno yako, au unayaondoa? Ukiyaondoa, katibu atayafuta na hayatajadiliwa tena."

Nikashika ukingo wa meza ili nisimame. Neno lilikuwa tayari ulimini.

Kiti kikasogea kando yangu.

"Mwenyekiti," Chiriku akasema, "uliniuliza mimi kwanza."

Alikuwa amesimama. Sauti ilikuwa ile yake, ile ya chiriku.

"Kaa chini," nikamnong'oneza.

"Uliniuliza nani alithibitisha alama ya kumi na tatu."

Nikamwona Msimamizi akiinua mikono yake kutoka mezani. "Mwenyekiti," akasema haraka, "nadhani bibi alikuwa na jambo la kusema, na mimi pia nina pendekezo, ambalo pengine litatuepusha na haya yote..."

"Mwache mwanafunzi aseme," Mwenyekiti akasema.

Katibu akainua kalamu.

Nikashika upindo wa gauni la Chiriku, nikalivuta chini kwa nguvu zangu zote za dobi, ili akae.

Hakukaa.